Akiba ya Nyuki Kabla ya Majira ya Baridi

Wasikilizaji wetu wengi wamekulia mahali ambapo mzinga wa gogo hutundikwa mtini. Wamemwona mrina asali akipanda usiku na moshi wake, akateremka na masega ndani ya ndoo, na watoto wakamzunguka wakingoja kipande cha kutafuna. Kwa hiyo habari za nyuki si ngeni kwao. Lakini leo twataka kwenda nao hata nchi ya Uingereza, tukamtazame mfugaji nyuki wa huko katika kazi aifanyayo kila mwaka kati ya Agosti na Oktoba, kabla majira ya baridi hayajaingia. Kazi hiyo ni kuipima asali ambayo haitarinwa, yaani ile iachwayo mzingani iwe chakula cha nyuki wenyewe.

Mtu aweza kudhani ya kuwa asali iliyoachwa ni masalio tu, na kwamba mwenye akili ni yule arinaye yote. Tukimfuata mfugaji huyu mpaka mwisho wa baridi tutaona wazi ya kuwa sivyo. Kosa la kilo 5 lililofanywa mwezi wa Septemba halionekani Oktoba, wala Desemba. Huonekana Machi, mfuniko wa mzinga ufunguliwapo, na ndani hapasikiki mvumo wo wote.

BARIDI YA HUKO

Yafaa kwanza tujue baridi tunayoisema ni ya namna gani, maana ukungu wa asubuhi wa Lushoto au wa Limuru ni kitu kidogo mbele yake. Katika siku zilizo fupi kuliko zote, mwishoni mwa Desemba, jua la London hukaa angani muda usiofika saa 8, kisha giza huingia. Miti mingi imekwisha kupukutisha majani yake yote. Maua ni machache mno, na hata hayo machache hayana faida kubwa, kwa kuwa siku nyingi nyuki hawawezi kutoka. Nyuki aliye peke yake akipatwa na baridi ya digrii 10 za sentigredi, au chini ya hapo, mwili humfa ganzi; akitua chini hawezi tena kuruka, na kwa kawaida huo ndio mwisho wake.

Nyuki wa kwetu na nyuki wa Ulaya ni wa jinsi moja, ijapokuwa kabila zao ni mbalimbali. Lakini wanatofautiana katika desturi hii. Njaa ikiingia, nyuki wa Afrika ya Mashariki mara nyingi huuhama mzinga, kundi zima pamoja na malkia wao, wakaenda kutafuta mahali palipo na maua na maji. Nyuki wa Ulaya hawana njia hiyo. Wakihama wakati wa baridi watakwenda wapi? Nchi yote imeshikwa na baridi ile ile. Tegemeo lao ni moja tu, nalo ni kuweka akiba.

Wenyewe walijua jambo hili kabla ya mwanadamu kuwafundisha. Mwisho wa majira ya joto, maua yapunguapo, nyuki watenda kazi huanza kuwafukuza madume. Huwavuta mlangoni kwa mabawa na miguu, wakawatupa nje, wala hawawaruhusu kurudi. Dume hakusanyi asali, wala hajengi sega. Kazi yake ilikuwa ya majira ya joto, nayo imekwisha. Kundi halikubali kulisha mdomo usio na kazi miezi mitano mizima.

KUNI ZA NYUKI

Wako wanyama wa nchi za baridi ambao hulala usingizi mzito tangu majani yapukutikapo hata yachipuapo tena. Nyuki hawalali hivyo. Hewa ikishuka hata kama digrii 14, hukusanyika baina ya masega wakajifunga pamoja mfano wa mpira, malkia akiwa ndani. Wale wa nje hubanana, vichwa vyao vikielekea ndani, wakawa kama blanketi la wenzao. Wale wa ndani huitetemesha misuli ya mabawa bila kuyapiga mabawa yenyewe, na mtetemo huo huleta joto. Hata nje kukiwa na theluji, katikati ya mpira ule hubaki joto la digrii 20 au zaidi; na malkia akianza kutaga mayai, nyuki hulipandisha hata kufika digrii 34 au 35, kwa sababu majana hayawezi kukua katika baridi.

Joto hilo lataka kuni, na kuni za nyuki ni asali. Mtu aliye porini aweza kuuvumilia usiku wa baridi maadamu moto wake unawaka. Lakini kuni zikimwishia saa ya alfajiri, kabla jua halijatoka, kule kuota kwake usiku kucha hakumfai kitu. Ndivyo ilivyo kwa nyuki.

Tena yatupasa kujua ya kuwa nyuki wanaovuka majira ya baridi si wale waliokusanya asali wakati wa joto. Mtenda kazi wa majira ya joto huishi wiki 6 hivi, akachoka akafa. Lakini wale wazaliwao mwishoni mwa joto huwa na mafuta mengi zaidi mwilini, nao waweza kuishi hata miezi 6. Hao ndio watakaomtunza malkia gizani, na ndio watakaowalea watoto wa kwanza maua yatokeapo. Wakifa njaa hapana wengine wa kushika mahali pao, maana watoto wenyewe hawajazaliwa. Kundi zima hukatika kama uzi.

ZAMANI NA SASA

Zamani Waingereza walifuga nyuki katika vikapu vya majani makavu, vilivyofumwa mfano wa kofia kubwa na kufudikizwa juu ya ubao. Nyuki waligandisha masega yao ndani ya kikapu, wala mtu hakuweza kuyatazama vizuri bila kuyavunja. Njia ya mfugaji ya kujua akiba ilikuwa kukiinua kikapu kwa mikono na kuupima uzito wake moyoni.

Kisha alichagua. Vikapu vizito kuliko vyote aliviua nyuki wake, apate asali nyingi. Na vile vyepesi kuliko vyote aliviua nyuki wake vile vile, kwa kuwa alijua havitafika majira ya kuchipua, basi heri apate hicho kidogo kilichomo. Alichimba shimo, akachoma salfa ndani yake, akakiweka kikapu juu ya moshi ule, na kwa muda mfupi nyuki wote walikufa. Vikapu vya uzito wa katikati ndivyo vilivyoachwa kuwa mbegu ya mwaka uliofuata.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka wa 1851. Mwaka huo, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, mchungaji mmoja, jina lake Lorenzo Langstroth, alitambua maana ya jambo lililokuwa machoni pa watu siku zote. Nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita 6 mpaka 9 baina ya sega na ukuta, hawaizibi kwa nta wala kwa gundi yao. Huiacha iwe njia ya kupita. Basi akatengeneza sanduku lenye fremu za mbao, kila fremu na sega lake, nazo zilizungukwa na nafasi hiyo pande zote, hata zikaweza kutolewa moja moja na kurudishwa. Tangu hapo mfugaji hana haja ya kuwaua nyuki ili aipate asali, wala hana haja ya kubahatisha akiba yao. Aweza kufungua, akatazama, akahesabu.

MIZINGA MITATU

Tuseme basi yuko mfugaji kusini mwa Uingereza, mwenye mizinga mitatu nyuma ya nyumba yake. Kila mzinga una sanduku la chini lenye fremu 11, ambamo malkia hutaga na majana hulelewa, na masanduku ya juu ambayo nyuki huyajaza asali. Baina ya la chini na la juu pana wavu wenye matundu membamba: mtenda kazi hupita, lakini malkia, kwa kuwa mwili wake ni mnene zaidi, hawezi. Kwa njia hiyo asali ya juu huwa safi, bila majana. Mwezi wa Agosti mfugaji huyaondoa masanduku ya juu, na hayo ndiyo haki yake. Yaliyomo katika sanduku la chini ni haki ya nyuki.

Je, haki hiyo yatosha? Wafugaji wa nchi ile kwa desturi hutaka kila kundi liwe na asali kilo 18 mpaka 20 kabla baridi haijaingia. Wazee wao walizoea kusema ratli 40, nayo ni hesabu ile ile. Kaskazini mwa Marekani na katika Kanada, ambako baridi ni kali na ya muda mrefu zaidi, hutakiwa kilo 30, au hata 40. Fremu moja ya sanduku la chini la Kiingereza, ikijaa asali pande zote mbili na kufunikwa kwa nta, huchukua kama kilo 2 na robo. Kwa hiyo kilo 20 ni sawasawa na fremu 9 zilizojaa, au karibu yake.

Mfugaji wetu aufungua mzinga wa kwanza. Akuta fremu 7 zimejaa, na fremu 4 za katikati zina asali nusu ya juu, na nusu ya chini ni majana. Hesabu yake ni hii: fremu 7 ni kilo 15 na robo tatu, nusu 4 ni kilo 4 na nusu, jumla kilo 20 na robo. Aufunika, hana neno nao.

Mzinga wa pili una nyuki wengi, na kwa macho waonekana hodari kuliko wa kwanza. Lakini fremu zilizojaa ni 3 tu, na 6 zina nusu nusu. Jumla ni kilo 13 na nusu. Umepungukiwa kilo 6 na nusu. Hapa ndipo wengi wadanganyikapo, maana wingi wa nyuki humfurahisha mtu. Asahau ya kuwa wingi huo ni wingi wa walaji.

Mzinga wa tatu ni mzito kuliko yote. Mwenyewe aliuachia sanduku moja la juu lenye asali, kwa kuwaonea nyuki huruma. Lakini akitazama aona ya kuwa ule wavu wa kumzuia malkia ungali mahali pake. Huu mzinga mzito ndio ulio katika hatari mbaya kuliko yote mitatu. Katikati ya baridi mpira wa nyuki utakula asali ya chini, kisha utapanda kuifuata iliyo juu. Watenda kazi watapita wavuni. Malkia atabaki chini peke yake, na baridi itamwua. Nyuki watafika majira ya kuchipua wana asali tele, lakini hawana wa kuwazalia. Basi autoa wavu ule, na kwa tendo hilo la dakika chache kundi limeokoka.

Na kama angalikuta kundi dogo mno, lisiloweza kufunika hata fremu chache, asingalilipa asali tu na kuliacha. Maana wachache hawawezi kutunza joto, hata wakizungukwa na chakula. Angalimwondoa malkia aliye dhaifu, akaliweka sanduku la kundi hilo juu ya sanduku la kundi jingine, na baina yao akatandaza karatasi moja ya gazeti. Nyuki huitafuna karatasi polepole, na muda huo harufu zao huchanganyika. Ikitoboka hukutana kwa amani kama ndugu wa nyumba moja.

Liko na jambo jingine la mwezi wa Agosti, nalo laambatana na akiba. Yuko mdudu mdogo mwekundu, mfano wa utitiri, aitwaye varoa, ambaye hushika miili ya nyuki na majana na kuwaletea maradhi. Aliingia Uingereza mwaka wa 1992. Nyuki wa majira ya baridi walioumwa naye tangu utotoni hawafikishi umri wao. Hufa mapema na kuiacha asali mzingani bila mlaji. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu huwapa nyuki dawa ya varoa mara amalizapo kurina.

KUWALISHA SHIRA

Tuurudie mzinga wa pili, uliopungukiwa kilo 6 na nusu. Mfugaji huutimizia kwa shira. Sukari nyeupe kilo 2 huyeyushwa katika maji lita 1. Nyuki wakiisha kuitengeneza shira hiyo, kila kilo ya sukari hutoa kama kilo moja na robo ya akiba. Kwa kilo 6 na nusu yahitajika sukari kilo 5 na kidogo. Lakini kwa kuwa nyuki wenyewe hula sehemu wakiwa kazini, huweka kilo 6, kwa maji lita 3.

Katika kulisha yako masharti manne, na kila sharti lina sababu yake.

La kwanza, shira na iwe nzito. Nyuki huimimina katika vitundu vya sega, wakaipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue yawe chini ya sehemu 20 katika mia, ndipo waifunike kwa nta. Shira nyepesi yawachosha bure, na nguvu za nyuki wa majira ya baridi ni akiba pia.

La pili, kazi iishe mapema, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Baadaye hewa huwa baridi na yenye unyevu, shira haikauki, haifunikwi, huchacha segani. Nyuki wakila kilichochacha hushikwa na tumbo la kuhara, nao hawawezi kutoka nje kwa ajili ya baridi, wakauchafua mzinga wao, na ugonjwa ukaenea.

La tatu, sukari iwe nyeupe iliyosafishwa, si sukari guru wala ya rangi, kwa kuwa taka zilizomo huwaumiza tumbo. Wala mfugaji asiwape asali aliyoinunua, asiyojua ilikotoka. Asali ya kundi lenye ugonjwa wa kuozesha majana yaweza kuchukua mbegu za ugonjwa huo, na huruma ikawa sumu.

La nne, chakula kiwekwe jioni, ndani ya mzinga, chini ya mfuniko, na tone lisimwagike nje. Maua yakiisha, nyuki wa kila mzinga hutafuta po pote penye utamu. Wakinusa shira iliyomwagika huja kwa wingi, wakamaliza ya nje, kisha wakauvamia mzinga wenyewe. Na nyigu huja pamoja nao. Kundi dhaifu laweza kunyang'anywa akiba yake yote kwa siku chache. Kwa sababu hiyo mfugaji huuziba mlango kwa kijiti hata ubaki upana wa nyuki wachache, ili walinzi wauweze.

NJAA KARIBU NA CHAKULA

Sasa twafika penye jambo lililowastaajabisha wafugaji wengi, na kuwahuzunisha. Mtu huufungua mzinga mwisho wa baridi akakuta nyuki wote wamekufa, vichwa vyao vimezama ndani ya vitundu vitupu, kana kwamba walikuwa wakilamba tone la mwisho. Na katika sega la pili, mwendo wa vidole vinne tu, asali ipo imefunikwa vizuri, haikuguswa.

Sababu ni baridi. Mpira wa nyuki ukimaliza asali iliyo karibu katika juma la baridi kali, hauwezi kuvunjika. Nyuki mmoja mmoja akiuacha kwenda sega la pili, ganzi humpata njiani. Hewa ikipata joto siku moja, hata saa chache, mpira wote ungalisogea na kuokoka. Lakini siku hiyo isipotokea upesi, kundi hufa njaa kando ya ghala yake.

Kwa hiyo mfugaji hapimi uzito tu, hupima na mahali. Septemba huzisogeza fremu ili asali iwe pande zote mbili za kiota na juu yake, pasiwe na sega tupu katikati ya nyuki na chakula chao. Fremu iliyo tupu kabisa huipeleka pembeni. Nyuki hupanda juu kwa urahisi kuliko kwenda kando, kwa kuwa joto lao wenyewe hupanda. Basi asali bora ni ile iliyo juu ya vichwa vyao.

Asali yenyewe pia hutofautiana. Katika Uingereza uko mmea utambaao juu ya kuta na miti, uitwao aivi, ambao huchanua Septemba na Oktoba, mimea mingine ikiwa imenyamaza. Nyuki huushangilia. Lakini asali yake huganda upesi ikawa ngumu, na nyuki hawawezi kuitumia bila maji ya kuiyeyusha. Mzinga wenye asali ya aivi peke yake waweza kuwa mzito katika mizani, na nyuki wakawa na shida ndani yake.

KATIKATI YA BARIDI

Kuanzia Novemba mzinga haufunguliwi, kwa kuwa kuufungua ni kuutoa nje moto walioukoka kwa asali yao. Mfugaji hufunga mlangoni bati lenye matundu madogo, ili panya wasiingie kutafuta joto na kula masega. Huuinamisha mzinga kidogo mbele, maji ya mvua yasisimame ndani, maana nyuki wakavu huvumilia baridi kuliko nyuki waliolowa.

Na kila baada ya wiki chache huenda akauinua mzinga upande mmoja kwa mkono, au kwa mizani yenye ndoano, kisha upande wa pili, akajumlisha na kuandika. Ndiyo njia ile ile ya wazee wa vikapu, ila yeye huupima ili aokoe. Katika Novemba, Desemba na Januari uzito hupungua kidogo kidogo, kwa kuwa nyuki wametulia. Kuanzia Februari hupungua kwa kasi. Siku zarefuka, malkia ataga zaidi, na majana yataka joto la digrii 35 na chakula kila saa. Akiba iliyoonekana nyingi wakati wa theluji yaweza kuliwa yote mwezi wa Machi, wiki mbili tatu kabla maua hayajatoka kwa wingi. Ndiyo sababu makundi mengi hufa njaa wakati ambapo mwenyewe adhani hatari imekwisha pita.

Mkono ukimwambia ya kuwa mzinga umekuwa mwepesi, asiwape shira, kwa kuwa katika baridi hawawezi kuikausha. Hutwaa donge la sukari laini iliyokandwa kama unga wa chapati, akaliweka chini ya mfuniko juu kabisa ya mpira wa nyuki, wapate kulilamba bila kwenda mbali. Hiyo ni dawa ya dharura. Haishindi fremu iliyojaa asali mwezi wa Septemba.

NENO LA KWETU

Huenda msikilizaji atasema, "Kwetu hapana theluji, habari hizi zanifaa nini?" Kweli, nyuki wetu hawajifungi mpira miezi mitano. Lakini kwetu yako majira ambayo maua hukauka na maji huwa mbali, na mrina asali akiwa amekomba masega yote, ya asali na ya majana pamoja, nyuki hawana la kungojea. Huondoka. Mwenye mzinga hurudi akakuta gogo tupu lenye buibui, akasema ana bahati mbaya. Na nyuki zake wakati huo wako katika mti wa mtu mwingine.

Zamani katika mzinga wa gogo ilikuwa taabu kuchagua sega hili na kuacha lile. Katika mzinga wa vijiti vya juu, uliotengenezwa kwa ajili ya Kenya katika miaka ya 1970 na ambao sasa waonekana katika nchi nyingi, kila sega hujengwa chini ya kijiti chake, nacho huinuliwa peke yake. Mtu aweza kutwaa masega ya asali ya nyuma, akayaacha ya majana na machache ya akiba. Lakini hata mwenye gogo aweza kuuzuia mkono wake. Wazee wetu walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Nao walisema neno hilo kwa buyu lililo nyumbani, ambalo mwenyewe hulijaza tena. Mzinga hujazwa na nyuki, nao hawaujazi wasipokuwapo.

Wanafunzi nao na wajaribu hesabu hii. Mzinga una fremu 5 zilizojaa asali na fremu 4 zenye nusu, na kila fremu iliyojaa ni kilo 2 na robo. Ili ufike kilo 20, umepungukiwa kilo ngapi? Na mwenyewe ataandaa sukari kilo ngapi, kila kilo ikitoa kilo moja na robo? Atakayepata kilo 4 na robo kwa swali la kwanza, na kilo 3 na nusu au karibu yake kwa la pili, amelijua jambo ambalo mfugaji wetu hulifanya kila Septemba kabla hajafunga mlango wa mzinga na kuingia ndani kuota moto wake mwenyewe.

Kwaherini.